Mpira ukishaondoka mkononi, nani anausukuma juu?

"Mwalimu, habari za kazi. Nimerudi kusoma fizikia nikiwa mtu mzima. Najisomea usiku baada ya kazi, na mtihani umebakiza miezi michache. Kuna swali limenikwamisha. Mpira umerushwa wima kwenda juu. Tumeambiwa tupuuze hewa, kisha tuchore mishale ya kani zote zinazoukabili mpira ukiwa unapanda, ukiwa kileleni na ukiwa unashuka. Nilichora hivi: unapopanda, mshale mrefu wa kwenda juu na mfupi wa kwenda chini, kileleni, mishale miwili iliyolingana, unaposhuka, mshale mrefu wa kwenda chini na mfupi wa kwenda juu. Nimekosa yote matatu. Jibu linasema kote ni mshale mmoja tu wa kwenda chini, wenye urefu uleule. Kama hakuna kinachousukuma juu, unapandaje? Na kileleni umesimama, kani zitaachaje kulingana? Nilipouliza nikaambiwa, 'Ndiyo sheria ya Newton, kariri usonge mbele.' Na kama mvutano wa dunia haukatiki, mbona wanaanga wanaelea? Nikariri tu, au ipo njia ya kuelewa jambo ambalo macho yangu yanalikataa?"

Ndugu yangu, michoro yako imenipa moyo kuliko jibu sahihi la kukariri lingenipa. Itazame tena kwa pamoja. Hukuchora kwa kubahatisha. Yote mitatu inafuata kanuni moja bila kuyumba: kitu kikielekea upande fulani, basi kuna kani kubwa inayokisukuma upande huo, kikisimama, basi kani zimelingana. Anayekosea kwa utaratibu namna hii hana tatizo la akili wala la kusahau. Ana nadharia, na nadharia yake ina kasoro. Usipoitafuta kasoro hiyo ukaiona mwenyewe, itakufuata kwenye kila sura ya kitabu, kuanzia sanduku kwenye mteremko na gari linalokata kona hadi mwezi na satelaiti.

Wala hauko peke yako. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kitu hakiendi bila cha kukiendesha, na jiwe lililorushwa likamsumbua kama mpira unavyokusumbua wewe. Akasema hewa iliyolizunguka ndiyo inayolipeleka. Karne ya 6, Philoponus wa Alexandria alilikataa jibu hilo. Karne ya 14, Jean Buridan wa Paris alieleza kwamba mrushaji hulitia jiwe msukumo fulani unaobaki ndani yake na kulipeleka. Huo mshale wako wa kwenda juu, ambao unafupika kadiri mpira unavyopanda, unafanana sana na msukumo wa Buridan. Na usidhani ni mambo ya kale tu. Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani, John Clement, alichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa uhandisi wa chuo kikuu swali linalokaribiana sana na lako, ila yeye alitumia sarafu. Wengi waliuchora mshale wa kwenda juu, na wengi waliendelea kuuchora hata baada ya kumaliza somo la mekanika, yaani fizikia ya kani na mwendo.

Kosa linalodumu kiasi hiki lazima lina chanzo chenye nguvu. Chanzo chake ni msuguano.

Sukuma sanduku zito sakafuni. Ukisukuma linakwenda, ukiacha linasimama. Tangu utotoni umeona hivyo mara nyingi mno, na akili yako ikahitimisha kwamba kusukuma ndiko kunakolipa sanduku mwendo, na kuacha kusukuma ndiko kunakouondoa. Lakini hesabu wanaosukuma. Tuseme unasukuma kwa nyutoni 100 (nyutoni ni kipimo cha kani) na sanduku linakwenda kwa kasi isiyobadilika. Sakafu nayo inalisukuma sanduku kinyume, kwa nyutoni 100 zilezile, kwa njia ya msuguano. Jumla ni sifuri, na sanduku bado linakwenda. Sasa ondoa mikono. Kani yako imetoweka, ile ya sakafu imebaki peke yake, na ndiyo inayolisimamisha sanduku. Soma tena hapo taratibu, maana ndipo palipo na kasoro tunayoitafuta. Sanduku halikusimama kwa kukosa kani. Lilisimama kwa sababu kani moja ilibaki bila wa kuizuia. Hata kusimama kunataka kani.

Galileo, mwanzoni mwa karne ya 17, alilifikia jambo hili kwa kuviringisha vigololi kwenye miteremko. Kigololi kikishuka mteremko mmoja na kupanda mwingine unaokikabili, hukaribia kufika kimo kilekile kilikoanzia. Punguza mwinuko wa mteremko wa pili, nacho kitakwenda mbali zaidi kukitafuta kimo hicho. Ulaze kabisa, kama hakuna msuguano, kigololi hakitakuwa na mahali pa kusimama. Galileo hakuwa na sakafu isiyo na msuguano, na hata sisi hatunayo, lakini anga za mbali zinakaribia. Chombo cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977 na hadi leo kinakwenda takribani kilomita 17 kwa sekunde. Hakuna injini inayokisukuma mbele. Kani kubwa inayokigusa inatoka kwenye Jua, nayo inakivuta kinyumenyume, ikikipunguzia kasi kidogo kidogo.

Basi swali lako, "ni nini kinachoupeleka mpira juu?", limebeba dhana ndani yake. Limekwisha kuamua kwamba mwendo ni jambo linalodai kulishwa kani muda wote. Swali ambalo fizikia inalijibu ni hili: ni nini kinachoubadilisha mwendo wa mpira? Newton aliliweka hivyo mwaka 1687. Jumla ya kani ikiwa sifuri, kitu kinaendelea kama kilivyokuwa: kilichotulia kinatulia, kinachokwenda kinakwenda kwa kasi ileile na kwa mstari ulionyooka. Jumla isipokuwa sifuri, kasi au uelekeo unabadilika, na kiwango cha badiliko hilo, yaani mchapuko, ni jumla ya kani ukiigawa kwa masi ya kitu. Kani inakwambia mwendo unageukia wapi. Haikwambii kitu kinaelekea wapi kwa sasa.

Sasa nikupe chombo cha kazi, kile ninachowalazimisha wanafunzi wangu kukitumia kabla ya kuchora mshale wowote. Kila mshale uwe na mtendaji. Kani ni jambo linalotokea kati ya vitu viwili. Hakuna kani iliyohifadhiwa ndani ya kitu kimoja. Kwa hiyo kando ya kila mshale andika sentensi kamili: "sakafu inalisukuma sanduku", "kamba inamvuta mbuzi", "dunia inauvuta mpira". Ukishindwa kumtaja mtendaji, futa mshale. Ukiniandikia "mwendo unaupandisha mpira", mwendo si kitu cha kusukuma. Ukiandika "mkono unausukuma mpira", nitakuuliza mkono uko wapi saa hiyo. Uko chini, mita kadhaa mbali na mpira. Mkono hausukumi usichokigusa.

Tuuchukue mpira wenyewe, wenye masi ya kilo 0.2, na tuhesabu kwa mchapuko wa mvutano wa mita 10 kwa sekunde kila sekunde. Kwa usahihi ni 9.8, ila 10 inarahisisha. Dunia inauvuta kwa nyutoni 2, na huo ndio uzito wake. Tuseme mkono unaupandisha kutoka kutulia hadi kasi ya mita 20 kwa sekunde ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Huo ni mchapuko wa 200, ambao unadai jumla ya nyutoni 40 kwenda juu. Kwa kuwa dunia inavuta 2 kwenda chini, mkono unasukuma 42. Wakati huo, mpira ukiwa bado umeshikwa, mshale wako mrefu wa kwenda juu ni halali kabisa. Kisha vidole vinaachia. Papo hapo zile nyutoni 42 zinakuwa sifuri. Hazipungui kidogo kidogo, hazipo tena. Zimebaki nyutoni 2 za dunia, kwenda chini.

Hapo najua utaniuliza: kwani hakuna chochote kilichobaki ndani ya mpira? Kipo, na hisia yako haikuwa ya bure. Kuna kasi, kuna momentamu (masi mara kasi), kuna nishati ya mwendo, ambayo kwa mpira huu ni juli 40. Hivyo ndivyo vitu ulivyokuwa ukiviona vikipungua kadiri mpira unavyopanda, na kweli vinapungua. Ulichokosea ni kuvichora kama kani. Nishati na momentamu ni mali ya mpira, unasafiri navyo. Kani ni ya watu wawili, anayevuta na anayevutwa. Kwa maoni yangu vitabu vingi vinakosea kuweka sura ya nishati mbali mno na sura ya kani, kiasi kwamba mwanafunzi anaona kitu cha kweli, anakosa jina la kukiita, na anakiita kani kwa sababu ndilo jina pekee alilofundishwa.

Ufuate mpira sekunde kwa sekunde. Unaondoka na kasi ya mita 20 kwa sekunde kwenda juu. Baada ya sekunde moja umebaki na 10, na uko mita 15 juu ya mkono. Baada ya sekunde mbili ni sifuri, uko mita 20 juu. Sekunde ya tatu una 10 kwenda chini, na umerudi mita 15. Sekunde ya nne unatua mkononi ukiwa na 20 kwenda chini. Ukiandika kwenda juu kama chanya, mfululizo ni 20, 10, 0, hasi 10, hasi 20. Kila hatua imeondolewa 10, pasipo kubagua kupanda na kushuka. Hiyo ndiyo maana ya mshale mmoja wenye urefu uleule. Mvutano haujui kama mpira unapanda au unashuka. Unatoa mita 10 kwa sekunde kutoka kwenye kasi yake kila sekunde, basi. Mpira unapanda kwa kuwa ulikuwa na kasi ya kwenda juu ambayo haijaisha kuondolewa. (Ukiirudisha hewa, hesabu inachafuka kidogo: mpira hutumia muda mfupi kupanda kuliko kushuka. Liweke kiporo hilo.)

Kileleni ndipo wengi wanapogoma, na ninawaelewa. Kasi ni sifuri, inaonekana umesimama. Lakini tazama kilichotokea pembeni ya nukta hiyo. Sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya kilele, mpira ulikuwa na mita 1 kwa sekunde kwenda juu. Sehemu ya kumi baada yake, una mita 1 kwa sekunde kwenda chini. Ndani ya sehemu mbili za kumi, kasi imebadilika kwa 2, kwa hiyo mchapuko ni uleule wa 10, katikati kabisa ya kilele. Kama hutaki hesabu, jaribu kwa kichwa tu. Chukulia mchoro wako ni kweli, kani kileleni zimelingana. Kasi ni sifuri, na hakuna cha kuibadilisha. Basi mpira ungeganda hapo juu, leo na kesho. Kushuka kwake ndiko kunakothibitisha kwamba kani hazikulingana.

Mweke kando ya mpira huo mtu aliyeruka kutoka kwenye ndege kabla hajafungua mwavuli wake. Mwanzoni kasi yake inaongezeka, na hewa inamkinza zaidi na zaidi, mpaka anafika takribani kilomita 200 kwa saa na kasi haiongezeki tena. Kama uzito wake ni nyutoni 800, hewa inamsukuma juu kwa nyutoni 800. Kani zimelingana kabisa, na mtu anaporomoka kwa kilomita 200 kwa saa. Mpira kileleni kasi yake ni sifuri na kani hazijalingana. Ukiweza kuvitazama viwili hivi sambamba bila akili yako kupiga kelele, nadharia ya zamani imekwisha kung'oka. Wanafunzi wangu huwa hawaniamini mpaka wafike hapa.

Kuhusu vitu vizito na vyepesi, ambalo hukuliuliza ila litakuja, nitasema machache. Mpira wa kilo 2 unavutwa kwa nyutoni 20, mara kumi ya ule wa kilo 0.2. Ila masi yake ni mara kumi pia, na masi ndiyo ugumu wa kitu kubadilishiwa mwendo. Gawanya 20 kwa 2, gawanya 2 kwa 0.2: zote 10. Ndiyo sababu pasipo hewa vyote huanguka pamoja. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja akiwa amesimama juu ya Mwezi, mbele ya kamera, na vikagusa ardhi kwa wakati mmoja. Ukitaka lako mwenyewe, weka karatasi ndogo juu ya kitabu kipana na ukiachie kitabu kianguke kikiwa kimelala. Karatasi itashuka nacho, maana kitabu kimeipasulia hewa.

Sasa wanaanga. Dhana iliyoenea ni kwamba wanaelea kwa sababu wametoka nje ya mvutano. Hebu tupime. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko takribani kilomita 400 juu yetu, na mvutano hupungua kwa kadiri ya umbali kutoka kitovu cha dunia, si kutoka ardhini. Nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,371. Kwa hiyo kutoka 6,371 tumekwenda 6,771 tu. Ukifanya hesabu ya kinyume cha mraba (umbali ukiwa mara mbili, mvutano unabaki robo), mchapuko wa mvutano hapo ni kama 8.7 badala ya 9.8. Karibu asilimia 89 ya mvutano bado ipo. Mwanaanga wa kituo hicho angesimama juu ya ngazi yenye urefu wa kilomita 400, angehisi karibu uzito wake wote, na akiteleza angeanguka vibaya.

Kinachoendelea ni kwamba anaanguka, muda wote, na chombo chake kinaanguka pamoja naye. Newton mwenyewe alikieleza kwa kufikiria mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu mno, juu ya hewa. Risasi ikitoka kwa kasi ndogo inaanguka karibu. Ongeza kasi, inaanguka mbali. Sasa ingiza umbo la dunia: kwa kila kilomita 8 unazokwenda mbele, uso wa dunia unakuwa umejipinda chini kwa takribani mita 5. Na kitu kinachoanguka hushuka karibu mita 5 katika sekunde ya kwanza. Unaona tunapoelekea? Risasi ikienda karibu kilomita 8 kwa sekunde, itaanguka mita 5 na kuikuta ardhi nayo imeshuka mita 5. Itaendelea kuanguka bila kuifikia. Hiyo ndiyo obiti. Kwenye kimo cha kituo kile kasi inayotakiwa ni takribani kilomita 7.7 kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua kama dakika 92. Mshale unaoukabili mwili wa mwanaanga ni uleule mmoja ulioukosea kwenye mpira, unaoelekea kitovu cha dunia. Swali lako la mpira na lile la wanaanga yana jibu moja. Tofauti ni kasi ya pembeni tu.

Basi kuelea kunatoka wapi? Unachokiita uzito mwilini si mvutano wenyewe. Ni sakafu inayokusukuma juu, kiti kinachokukandamiza, nyayo zinazobanwa. Mtu na chombo chake wakianguka pamoja, hakuna anayemkandamiza mwenzake. Jaribu kwa chupa ya plastiki. Toboa tundu karibu na kitako, jaza maji, fungua kizibo, na maji yatatoka kwa kasi. Iachie chupa ianguke kutoka juu kidogo, ukiwa nje. Ikiwa hewani maji huacha kutoka tunduni, na mvutano haujazimwa hata chembe. Ama simu yako ya kisasa: programu zinazosoma kihisi mchapuko zitaonyesha karibu 9.8 simu ikiwa imetulia mezani, na karibu sifuri kwa kitambo kile inapoanguka kuelekea godoro nene. Mwaka 1907 jambo hilihili, kwamba anayeanguka huru hausikii uzito wake, lilimwanzisha Einstein kwenye safari iliyomfikisha kwenye nadharia nyingine kabisa ya mvutano. Kwa mtihani wako, na kwa mipira yote utakayorusha, Newton anatosha.

Tahadhari moja zaidi, kwa sababu naiona inakuja. Utakutana na sheria ya tatu, kwamba dunia ikiuvuta mpira kwa nyutoni 2, mpira nao unaivuta dunia kwa nyutoni 2. Utashawishika kuichora hiyo ya pili kwenye mpira ili "zilingane". Usifanye hivyo. Ile ya pili inaikabili dunia, na mchoro wako ni wa mpira. Sentensi ya mtendaji itakulinda: kwenye mchoro wa mpira, kila sentensi lazima iishie na mpira ukitendwa.

Nikariri au nielewe? Nitakuwa mkweli. Ungeniambia mtihani ni keshokutwa, ningekwambia kariri: kitu kikiwa hewani bila hewa kuhesabiwa, mshale mmoja chini. Utapata alama za swali hilo. Lakini wewe una miezi. Kukariri kutakuokoa kwenye swali lililofanana na hili na kukuangusha kwenye mpira uliorushwa mshazari, pale utakapochora mshale wa kufuata njia yake. Kufanya mitihani mingi iliyopita ni njia nzuri, ila ina mtego. Fomula za mwendo hutoa jibu sahihi hata kwa mtu mwenye nadharia ya Buridan kichwani. Unaweza kupata kasi na kimo barabara na usijue kani iko wapi. Video na michezo ya kompyuta inayoigiza mwendo husaidia macho, mradi usitazame kabla ya kutabiri. Chora kwanza mishale yako, andika utakachokiona, ndipo ubonyeze. Anayetazama tu huona kila kitu ni dhahiri na kesho yake anarudia kosa. Ningekuwa wewe, ningetenga wiki mbili za michoro mitupu bila namba: kitabu mezani, lifti inayoanza kupanda, lifti inayopanda kwa kasi moja, gari linalofunga breki, mpira ulioguswa na mguu dakika mbili zilizopita, mwezi. Kisha ndipo ningezirudia fomula.

Kuna mahali maandishi hayatoshi, na unatakiwa kukaa na mtu. Kama baada ya wiki hizo mbili mshale usio na mtendaji bado unajipenyeza kwenye michoro yako, mtafute mwalimu au mwenzako aliyelielewa somo, mpelekee michoro yenyewe, na umwombe akusikilize ukiitetea kwa sauti. Usimwombe akueleze, maelezo umeshayapata ya kutosha. Akuulize "nani anasukuma?" mpaka ukwame, maana utakapokwama ndipo atakapojua akusaidie wapi. Aliyekwambia ukariri huenda alikuwa na darasa kubwa na muda mfupi. Mrudie akiwa peke yake na swali moja lililochorwa, wengi hubadilika. Kama kinachokukwamisha ni alama za hasi na kuhamisha herufi kwenye mlinganyo, huo ni upungufu wa hisabati. Unahitaji mtu wa aljebra kwa majuma machache, na fizikia itafunguka yenyewe. Na kama mtihani wako una sehemu ya vitendo, usiingie bila kushika vifaa. Tafuta maabara na msimamizi, hata kwa siku chache, kwa sababu kupima muda wa kitu kinachoanguka kwa saa ya mkono ni ustadi wa vidole ambao mimi siwezi kukuandikia.